Askari Anapimiwa Risasi, Anauawa na Kipande cha Chuma

Video za droni kutoka Ukraine zimefika kwenye simu ya karibu kila mtu. Kamera inashuka kutoka juu, askari anaonekana akikimbia kwenye shamba lililoungua, anageuka kutazama, picha inakatika. Anayeziona nyingi hufikia hitimisho ambalo sasa linarudiwa hata na watu wanaofuatilia mambo ya kijeshi kwa karibu: kwamba fulana ya kuzuia risasi imepitwa na wakati, na kwamba pesa za kuwavisha askari wa miguu zihamishiwe kwenye droni na mitambo ya kuzivuruga. Upande wa pili wako wanaoamini kinyume chake. Hao wanaitazama Marekani, ambayo Aprili 2022 iliipa kampuni ya SIG Sauer kandarasi ya bunduki mpya ya milimita 6.8 kwa hoja kwamba risasi ya milimita 5.56 haitoshi tena dhidi ya adui aliyevaa mabamba ya kisasa, yale magumu yanayoingizwa ndani ya fulana. Kwao jibu ni bamba gumu zaidi, litakalozuia risasi kali zaidi.

Makundi haya yanaonekana kupingana, lakini yamesimama juu ya kosa moja. Yote yanalichukulia vazi la kinga kuwa ni kifaa cha kuzuia risasi ya bunduki, na yanatofautiana tu kama kifaa hicho bado kina kazi. Hoja yangu ni kwamba katika vita vya jeshi kwa jeshi muuaji mkuu wa askari wa miguu kwa zaidi ya miaka 100 amekuwa kipande cha chuma kinachoruka kutoka kwenye kombora, bomu la mkono au mzinga, na droni imemrudisha muuaji huyo kwa nguvu mpya. Kwa hiyo vazi la kinga linahitajika leo kuliko lilivyohitajika miaka 15 iliyopita. Kinachotakiwa kubadilika ni aina yake: eneo linalofunika, uzito wake, na vitu vinavyoandamana nalo. Jeshi linaloendelea kuongeza unene wa bamba la kifua na kuliita hilo maboresho linatumia pesa nyingi kujibu swali ambalo uwanja wa vita hauliulizi sana.

Historia yenyewe inalionyesha hili. Majeshi ya Ulaya yaliingia vitani 1914 yakiwa na kofia za kitambaa na za ngozi. Mwaka 1915 Ufaransa ilileta kofia ya chuma ya Adrian, Uingereza ikaja na ya Brodie, na 1916 Ujerumani ikaleta Stahlhelm. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa ili izuie risasi ya bunduki iliyopigwa moja kwa moja. Zililetwa kwa sababu makombora yalikuwa yakipasuka juu ya mahandaki na kuwamiminia vichwani watu waliojibanza chini. Kofia pana ya Brodie ilisanifiwa hivyo kwa sababu hatari ilitoka juu. Mtu akiiangalia leo, huku droni zikidondosha mabomu madogo ndani ya mashimo ya askari, ataona kwamba wabunifu wa 1915 walikuwa wakikabiliana na tatizo linalofanana sana na la sasa.

Vita Vikuu vya Pili vilileta somo hilo hilo kwa njia nyingine. Kanali Malcolm Grow, daktari mkuu wa Kikosi cha Nane cha Anga cha Marekani kilichokuwa Uingereza, alichunguza majeraha ya wahudumu wa ndege za mabomu, akaona kwamba sehemu kubwa yalitokana na vipande vya kasi ndogo, vile ambavyo chuma chembamba kingeweza kuvizuia. Akaiomba kampuni ya Wilkinson, iliyojulikana kwa kufua panga, itengeneze fulana za vipande vya chuma cha manganizi. Katika vita vya Korea zilikuja fulana za nailoni. Mwaka 1965 Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont, aligundua nyuzi zilizokuja kuitwa Kevlar, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari wa Marekani wakaanza kuvaa kofia na fulana zilizotengenezwa kwa nyuzi hizo. Hapo pia lengo la kwanza lilikuwa vipande. Kipimo kilichotumika, na kinachotumika hadi leo katika majeshi ya NATO, ni kurusha kipande cha chuma cha gramu 1.1 na kutafuta kasi ambayo nusu ya vipande hupenya na nusu huzuiwa. Hicho ndicho kipimo ambacho matangazo ya biashara mara nyingi hayakitaji, kwa sababu mnunuzi anataka kusikia jina la bunduki.

Basi bamba la kuzuia risasi lilipataje kuwa kiini cha kila kitu? Lilitokana na aina ya vita vilivyopiganwa baadaye. Nchini Iraq na Afghanistan, adui wa majeshi ya Magharibi hakuwa na mizinga mingi. Alikuwa na bunduki, roketi za begani na mabomu ya kutega. Seramiki, nyenzo ngumu ya jamii ya vigae inayotengenezewa mabamba, ilikuwa tayari. Inavyofanya kazi inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana wengi hudhani bamba ni ukuta tu. Risasi inapogonga seramiki, ncha yake hupondeka kwa sababu seramiki ni ngumu kuliko chuma cha risasi. Seramiki nayo hupasuka pale pale ilipogongwa, na katika kupasuka hutawanya nguvu kwenye eneo pana zaidi. Tabaka la nyuma, la poliethilini (nyuzi za plastiki imara) au aramidi (jamii ya nyuzi za Kevlar), hudaka mabaki yote mawili. Yote hayo huisha kabla mtu hajakonyeza jicho. Mwili bado hupigwa: wapimaji huweka udongo laini wa kuumbia nyuma ya vazi na kupima shimo linalobaki, na kwa kiwango cha NIJ, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya fulana za polisi, shimo hilo halitakiwi kuzidi milimita 44. Sentimita nne na ushee za kubonyea kifuani si jambo dogo. Lakini mtu anaishi.

Mabamba hayo yaliokoa watu wengi, na sitaki msomaji adhani nayadharau. Uvamizi wa Iraq ulipoanza 2003, askari wengi wa Marekani hawakuwa nayo, na familia zikajichangisha kununua ya watoto wao. Uchunguzi wa madaktari wa jeshi la Marekani, uliofichuliwa na vyombo vya habari Januari 2006, uliangalia vifo vya askari wa kikosi cha Marines waliopigwa kiwiliwili, ukaonyesha kwamba wengi wao walipigwa sehemu ambazo bamba halikufika: ubavuni, begani, chini ya kwapa. Matokeo yake yakaja mabamba ya ubavu, kisha vifuniko vya mabega, vya shingo, vya kinena. Kila nyongeza ilikuwa na jeneza nyuma yake, na hakuna kamanda wala mbunge aliyetaka kuwa mtu wa kuikataa. Hivyo ndivyo vazi lilivyozidi kunenepa.

Mwaka 2003 timu ya jeshi la Marekani iliwafuata askari wa miamvuli nchini Afghanistan na mizani, ikawapima wakiwa kazini. Mwongozo ulisema askari anayekwenda kupigana abebe takriban kilo 22. Walikuta wastani wa kilo 29 kwa mzigo wa mapigano, kilo 46 kwa mzigo wa kutembea kuelekea vitani, na kilo 60 katika mzigo wa dharura, na hiyo ilikuwa kabla mabamba ya ubavu hayajaongezwa. Miaka 14 baadaye, mkaguzi wa Bunge la Marekani alikuta wastani wa mzigo wote ukiwa zaidi ya kilo 50, na vazi la kinga pekee likichukua takriban kilo 12 kati ya hizo. Mtu mwenye mzigo kama huo hapandi ukuta, haruki mtaro, na akilala kifudifudi ukingo wa nyuma wa fulana unaisukuma kofia mbele hadi inamfunika macho. Lazima ainue kifua chote ili aone anapolenga. Malalamiko hayo ya kofia na kola ni ya zamani. Kifaa kinachomlazimisha askari ainuke ili aone kimeshaanza kufanya kazi dhidi yake.

Hapa ndipo hoja nzito ya wapinzani wa vazi la kinga inapokaa, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema kwamba wepesi wenyewe ni kinga. Askari anayevuka uwazi haraka anaonekana kwa muda mfupi, anachoka taratibu, anafikiri vizuri, anapiga risasi kwa usahihi. Ukraine imeipa hoja hii uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa magari hayawezi tena kufika karibu na mstari wa mbele bila kuonekana. Askari hushushwa mbali na kutembea kilomita kumi na zaidi, mara nyingi usiku, wakiwa wamebeba maji, chakula, betri, redio, risasi na vifaa vya kugundua droni. Kila kilo ya bamba inashindana na lita ya maji. Mimi nakubaliana nao kabisa kuhusu tatizo. Sikubaliani nao wanapohitimisha kwamba dawa ni kuvua kinga.

Angalia jinsi majeshi yenyewe yalivyopunguza uzito yalipolazimika. Mwaka 2009 Marekani ilipeleka Afghanistan fulana nyepesi za kubebea mabamba, ili askari waweze kupanda milima. Uzito ulipunguzwa wapi? Mabamba yalibaki. Kilichokatwa ni tabaka laini la nyuzi lililokuwa likifunika pande, mabega na tumbo la chini, yaani kile kile kinachozuia vipande. Kwa mahali pale uamuzi ulikuwa na maana: adui alikuwa na bunduki upande wa pili wa bonde na alikuwa na mizinga michache. Lakini mtindo ule ukaenea duniani kote. Leo fulana ndogo yenye bamba mbele na bamba nyuma, huku mbavu na mabega yakiwa wazi, ndiyo picha ya askari wa kisasa katika mabango, katika michezo ya kompyuta na katika zabuni. Majeshi mengi yamenunua vazi la vita vya milimani dhidi ya waasi, na sasa yanajiandaa kwa vita vya mizinga na droni yakiwa yamelivaa. Kupunguza uzito kwa vita vya sasa kunapaswa kwenda kinyumenyume: bamba liwe kitu cha kuvaliwa pale kamanda aliye uwanjani anapotarajia bunduki, na tabaka laini lenye eneo pana liwe vazi la kila siku.

Sababu yake ni ya kifizikia. Risasi ya bunduki ina umbo la kukata hewa na hubeba kasi yake kwa mamia ya mita. Kipande cha kombora kina kingo zilizochanika, hewa hukikamata, na kasi yake huanguka haraka kadiri kinavyosafiri. Kilicho karibu sana na mlipuko kitapenya karibu chochote unachoweza kumvisha binadamu. Kilichotoka mita kadhaa, hasa kikiwa kidogo, kinaweza kuzuiwa na tabaka la aramidi au poliethilini ambalo kwa kila eneo lina uzito mdogo sana kuliko seramiki. Poliethilini ya aina hii ni nyepesi kiasi cha kuelea juu ya maji. Kwa kilo moja ya kinga, basi, unaweza kufunika kipande kidogo cha kifua dhidi ya risasi au eneo kubwa la mwili dhidi ya vipande vidogo. Na vipande vidogo ndivyo vilivyo vingi, kwa sababu bomu linalobebwa na droni ndogo haliwezi kuwa zito, na mtengenezaji wake hutafuta wingi wa vipande.

Sasa nije kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosambaa zaidi: kwamba droni ikikupiga moja kwa moja hakuna fulana itakayokusaidia, kwa hiyo fulana haina kazi. Sehemu ya kwanza ni kweli. Kichwa cha roketi kilichotengenezwa kutoboa kifaru hakiwezi kuzuiwa na kitu kinachobebwa mgongoni. Lakini sehemu ya pili haitokani na ya kwanza. Kwa mantiki hiyo kofia ya 1915 nayo isingeletwa, maana kombora likiangukia handaki lenyewe kofia haikuwa na msaada wowote. Kinga ya mwili haijawahi kuwekwa kwa ajili ya mtu aliyepigwa katikati kabisa. Imewekwa kwa ajili ya yule aliye hatua chache pembeni, aliyejitupa mtaroni, ambaye droni ilinasa kwenye matawi ikalipuka mapema, au ambaye bomu lilidondoka upande wa pili wa mti. Watu hawa hawaonekani kwenye video, kwa sababu anayerusha video huchagua zile zilizofika. Tunahukumu kifaa kwa kutazama tu mara zile kilizoshindwa, na waliorudi kambini na matundu kwenye fulana hawamo kwenye ushahidi wetu. Nakerwa na hoja hii kwa sababu gharama yake hulipwa na mtu mwingine. Anayeitoa hana ratiba ya kwenda handakini.

Kuna pia wanaosema bamba litashinda mbio dhidi ya risasi. Hawa nawapitia haraka. Bunduki mpya ya Marekani, iliyopewa jina rasmi la M7 mwaka 2025, ni nzito kuliko M4, bunduki ya milimita 5.56 ambayo M7 inachukua nafasi yake, na risasi zake ni kubwa kiasi kwamba magazini saba za kawaida zinabeba 140 badala ya 210. Mpinzani akiongeza bamba, naye ameongeza mzigo. Kila upande katika mbio hizi unamlemea askari wake mwenyewe kwa ajili ya mapigano ya bunduki ambayo, mbele ya droni na mizinga, yanazidi kuwa sehemu ndogo ya vita.

Wa tatu ni wale wanaotaka vifaa vya kielektroniki vichukue nafasi ya yote. Mwaka 2021 Marekani ilisaini na Microsoft mpango wa miwani ya kuonyesha ramani na picha mbele ya macho ya askari, mpango ambao ungeweza kufikia takriban dola bilioni 22. Katika majaribio askari walilalamika kuumwa kichwa na kichefuchefu, na 2025 kazi ikahamishiwa kampuni ya Anduril. Kwa upande mwingine, kifaa ambacho askari wa Ukraine wamekikumbatia kwa hiari yao ni kidogo cha kutia mfukoni, kinaitwa Tsukorok, na kazi yake ni kumwonya mwenye nacho kwamba kuna droni karibu. Hakihitaji mafunzo marefu na hakimwondoi macho kwenye mazingira yake. Mpangaji wa vifaa vya askari akitaka kujua kipi kitabebwa na kipi kitaachwa kambini, aangalie vitu ambavyo watu wa mbele hununua kwa pesa zao.

Vazi la kinga, hata lililo bora, linaokoa kiwiliwili na kuacha miguu na mikono. Hapa takwimu zipo na ni nzito. Uchunguzi wa madaktari wa Marekani wa vifo 4,596 vya uwanja wa vita kati ya 2001 na 2011 ulionyesha kwamba asilimia 87 walifariki kabla ya kufika hospitali. Karibu robo ya hao walikuwa na majeraha ambayo pengine wangepona, na kati ya hao robo, tisa kwa kila kumi walikufa kwa kuvuja damu. Vifo vya kuvuja damu miguuni na mikononi vilipungua sana baada ya kila askari kupewa mkanda wa kubana mshipa na kufundishwa kuufunga mwenyewe, kwa mkono mmoja, gizani. Mkanda huo una uzito wa chini ya gramu 100. Hakuna bamba duniani lenye uwiano huo wa uzito na uhai. Na bado katika mjadala wa kuboresha vifaa vya askari, mkanda huwekwa kwenye fungu la dawa na fulana kwenye fungu la silaha, zikanunuliwa na ofisi mbili ambazo pengine hazijawahi kukaa meza moja. Ukraine imeongeza ugumu mwingine: droni huzuia wabeba majeruhi kufika, mkanda unakaa mguuni saa nyingi, na mguu ambao ungeponeka unakatwa. Kwa hiyo hata mkanda hautoshi bila mafunzo ya kuulegeza na kuuhamisha kwa wakati, na bila ukaguzi wa bidhaa bandia, ambazo nyingine fimbo yake ya kukazia huvunjika pale damu inapotakiwa kusimama.

Mfano mzuri wa fikra ninayoitetea ulitoka Uingereza karibu na 2010. Mabomu ya kutega Afghanistan yalikuwa yakirusha mchanga na mawe kutoka chini, na madaktari waliona majeraha ya kinena yaliyojaa uchafu, yakioza na kuhitaji upasuaji juu ya upasuaji. Jibu likawa bukta za hariri. Hariri haizuii bomu, lakini haichaniki kirahisi na kuingia jerahani, na huzuia punje nyingi za mchanga. Juu yake askari angeweza kuvaa kinga nzito zaidi kulingana na kazi ya siku hiyo. Walianza na jeraha, wakauliza limesababishwa na nini hasa, kisha wakatafuta kitu chepesi kuliko vyote ambacho kingelipunguza.

Kukaa vizuri mwilini nako ni kinga, ingawa huchukuliwa kama suala la starehe. Bamba likining'inia chini sana linaacha moyo na mishipa mikubwa wazi. Likiwa pana mno linazuia kitako cha bunduki kukaa begani. Wanawake katika jeshi la Marekani walivaa kwa miaka mingi fulana zilizokatwa kwa vifua vya wanaume, zenye nafasi pembeni ambapo kipande kingeweza kupita, hadi fulana zilizosanifiwa kwa ajili yao zilipoanza kugawiwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Askari wa kiume wafupi nao walifaidika na saizi hizo. Ninaposoma habari kwamba jeshi fulani limenunua makumi ya maelfu ya fulana, swali langu la kwanza ni la saizi, na mara nyingi taarifa haisemi.

Kisha kuna ghala. Seramiki ikidondoshwa kwenye sakafu ya saruji inaweza kupata ufa mwembamba kama unywele, uliofichwa chini ya kitambaa, na jicho halitauona. Ndiyo maana majeshi makini hupitisha mabamba kwenye mashine ya eksirei mara kwa mara. Nyuzi nazo huzeeka. Fulana za Zylon, zilizosifiwa sana kwa wepesi, zilianza kutiliwa shaka mwaka 2003 baada ya risasi kupenya fulana ya polisi mmoja Pennsylvania, na 2005 NIJ ikaacha kuzitambua baada ya kuthibitika kwamba nyuzi zake hudhoofishwa na unyevu, ukiwemo wa jasho. Hata jeshi tajiri kuliko yote lililazimika mwaka 2009 kurudisha zaidi ya jozi 16,000 za mabamba baada ya mkaguzi kutilia shaka jinsi zilivyopimwa. Nchi inayonunua bila mashine ya ukaguzi, bila tarehe za kwisha muda na bila ghala kavu inanunua imani tu, na askari hatajua tofauti hadi siku ya kupigwa. Urusi iliionyesha dunia mwisho wa njia hiyo ilipoita askari wa akiba Septemba 2022. Wengi walifika bila fulana za maana, jamaa zao wakaingia madukani kuwanunulia, na mbunge Andrei Gurulev, jenerali wa zamani, akauliza hadharani seti milioni 1.5 za sare zilizotakiwa kuwepo ghalani zimekwenda wapi. Kwenye karatasi jeshi hilo lilikuwa na Ratnik, mojawapo ya seti za kisasa zilizotangazwa sana.

Nikitazama mbele, naona jambo moja litakalotenganisha majeshi yatakayowalinda watu wao na yatakayonunua mabango. Ni kumbukumbu za majeraha. Kila hatua ya kweli niliyoitaja hapa, kuanzia fulana za Grow hadi bamba za ubavu, bukta za hariri na mkanda wa mshipa, ilianzia kwa daktari aliyehesabu matundu na kuandika yalipo. Tangu 2006 Marekani ina mpango unaorudisha maabara fulana na kofia zilizopigwa na kuzilinganisha na ripoti ya tukio na ya matibabu. Mpango wa namna hiyo hauhitaji utajiri wa Marekani. Unahitaji fomu yenye mchoro wa mwili, mganga wa kikosi aliyepewa muda wa kuijaza, mtu wa kuzikusanya, na amri kwamba fulana iliyotobolewa haitupwi wala haichomwi. Vita vya droni vinabadilika kila baada ya miezi michache. Aina ya bomu linalodondoshwa mwaka huu si ya mwaka jana, na pembe linapotokea si ile ile. Jeshi lenye fomu hizo litajua mwaka ujao kama vipande vinaingia zaidi shingoni, kwapani au pajani, na litaweza kuiambia kamati ya zabuni iongeze nini na ipunguze nini. Lisilo nazo litasoma kijitabu cha muuzaji, ambacho kina picha ya bamba lililosimamisha risasi, na litalinunua.